Je, wajua kwa nini kahawa ya kuloweka hugoma kuchujika ikitengenezwa pipa zima?

Kahawa ya kuloweka kwa maji baridi haina ugumu ikiwa ni lita moja: kahawa iliyosagwa, maji, mtungi, saa 16, kisha kitambaa. Zidisha kila kitu mara 100 ndani ya pipa, na asubuhi koki inadondosha matone.

Sababu ni umbo. Chombo kikikuzwa mara 100 kwa ujazo bila kubadilika umbo, kitako chake huongezeka mara 21 na ushei tu. Kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya chujio lililo chini hubebeshwa karibu mara tano ya kahawa, pamoja na vumbi lake. Vumbi hilo ndilo adui. Hata kinu kizuri huliacha kidogo. Hushuka na maji, likajaza matundu ya chujio, na machicha yaliyo juu yakalikandamiza.

Ndiyo maana tangi la kazi hii huwa pana kuliko refu, na kahawa hugawanywa katika mifuko kadhaa ya neti ya nailoni yenye matundu ya mikroni 200 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Chukua mfano wa tangi la lita 100: kilo 10 za kahawa kwa lita 70 za maji. Machicha hunywa maji takribani mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo lita 20 hazirudi. Utapata kama lita 50 za kahawa nzito, ya kuongezwa maji kiasi hichohicho kabla ya kuuzwa. Anayepanga bei kwa kuhesabu lita 70 amejidanganya mapema. Halafu pima uzito: kilo 10 zikiwa ndani ya mfuko mmoja hutoka na kilo 30 au zaidi, maana bado zinachuruzika. Neti hupasuka mshononi, au mgongo wa mtu unaumia. Mifuko minne ya kilo mbili na nusu, kila mmoja ukijazwa nusu tu ili kahawa ipate nafasi ya kuvimba, humaliza tatizo hilo. Waya imara wenye ndoano juu ya tangi huiacha ichuruzike yenyewe. Usiikamue: kukamua hutoa vumbi na uchungu kwa ajili ya lita chache.

Kahawa isagwe chenga kubwa, kama chumvi ya mawe. Iliyokaangwa jana bado inatoa gesi na itaelea, sehemu ya ndani ya mfuko ibaki kavu kabisa. Iache siku tano hadi saba. Mimina nusu ya maji, zamisha mifuko, ibonyeze kwa mwiko hadi mapovu yaishe, ndipo uongeze maji yaliyobaki. Kwenye nyuzi 20, saa 14 hadi 18 zinatosha. Ndani ya friji ongeza saa kadhaa.

Tangi liwe la chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu ya chakula. Koki ikae sentimita chache juu ya kitako ili matope yabaki chini. Baada ya mifuko kutolewa, kahawa ipite kwenye chujio la mikroni 50, kisha la 10 au 5. Kuruka moja kwa moja hadi 5 ni kununua vichujio kila siku.

Ladha isikuhadae. Kahawa nzito ikiwa baridi huonekana nyepesi kuliko ilivyo, kwa hiyo tumia kipimo cha Brix, kifaa kinachoonyesha vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji: zidisha namba yake kwa 0.85 upate makadirio ya asilimia ya kahawa iliyoyeyuka. Kinywaji tayari huwa kati ya 1.2 na 1.8. Bila kipimo, mteja wa Jumatatu na wa Ijumaa hawanywi kitu kimoja.

Upande wa usalama hauna mjadala. Maji hayakuchemka, na pH (kipimo cha uchachu) ya kahawa hii huzunguka 5, yaani juu ya 4.6, ambapo bakteria wa botulizimu, wenye sumu ya kuua, wanaweza kukua mahali pasipo na oksijeni. Chupa iliyozibwa na kegi ya naitrojeni (pipa la chuma lililojazwa gesi hiyo) ni mahali pa namna hiyo. Ipoze hadi nyuzi 4 au chini, na uigawe kwenye vyombo vya lita 10, kwa sababu lita 50 ndani ya ndoo moja hukaa na joto katikati kwa saa nyingi. Kuuza chupa za kukaa rafuni nje ya friji ni kazi nyingine, yenye mitambo yake na wakaguzi wake.

Koki ya tufe, ile inayofungwa na tufe linalozunguka ndani yake, huficha kahawa nyuma ya tufe lake hata ikisuuzwa. Ifungue kila baada ya mzunguko, toa gasketi, osha mafuta kwa sabuni ya alkali, suuza, kisha tia dawa ya kuua vijidudu. Klorini isilale ndani ya tangi la chuma usiku kucha. Hulitoboa vitundu vidogo.