Rothschild wa twiga: bwana aliyependa nondo kuliko benki

Wageni wa Ziwa Nakuru hutuuliza sana: huyu twiga mwenye miguu myeupe chini ya magoti, kana kwamba amevaa soksi, ilikuwaje akaitwa twiga wa Rothschild, jina la tajiri wa London?

Walter Rothschild alizaliwa mwaka 1868 katika ukoo wa wenye benki. Naye aliingizwa benki mwaka 1889, akakaa humo hadi 1908, lakini hesabu hazikumwingia kamwe. Moyo wake ulikuwa Tring, nje ya London, kwenye makumbusho aliyojengewa na baba yake. Tangu ana miaka 7 alikwisha watangazia wazazi kwamba atakuwa na makumbusho yake. Mwaka 1892 akawafungulia watu wote milango.

Alikuwa pande la mtu, ila mwenye haya na ulimi mzito. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo aliwafunga pundamilia kwenye gari la kukokotwa akaliendesha hadi Kasri la Buckingham! Ipo pia picha yake amempanda kobe mkubwa, kofia ndefu kichwani, ameshika fimbo yenye jani la saladi mbele ya mdomo wa kobe ili mnyama asogee.

Mimi namheshimu zaidi kwa nondo mmoja, mdudu wa jamii ya vipepeo. Mwaka 1862 mwanasayansi Charles Darwin alipata okidi, ua la Madagaska lenye mrija wa nekta (maji matamu ya ua) wa karibu sentimita 30, akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kufika huko chini. Wapo waliomcheka. Mwaka 1903 Rothschild na msaidizi wake Karl Jordan wakamwandika nondo huyo kisayansi.

Ni kweli, ukusanyaji wa zama hizo ulikuwa wa bunduki na mitego. Ngozi zake za ndege zilifika takriban 280,000 alipoziuzia makumbusho ya New York mwaka 1932, kwa sababu ya mwanamke aliyemtoza fedha kwa vitisho. Siri hiyo aliificha hadi kifo chake, 1937. Vilivyobaki aliliachia taifa, na kuingia Tring hadi leo ni bure.

Tukirudi kwa twiga: ukimwona dume, mtazame kichwani. Zaidi ya pembe 2 za juu ana nundu kwenye paji, na pengine nyingine 2 nyuma ya masikio. Wataalamu wengi sasa wanamhesabu kuwa ni twiga wa Nubia, hivyo huenda vitabu vijavyo visimtaje Rothschild.