Jeli inayojigawa matabaka matatu

Shangazi yangu alisoma Ohio miaka ya 80, na kila Idi hurudia kisa kilekile: pakiti moja ya jeli, unapiga mara moja, unamimina kwenye glasi, na baadaye ukifungua friji unakuta matabaka matatu. Sisi watoto tulijua anatia chumvi. Kumbe la! Ilikuwa Jell-O 1-2-3, bidhaa ya General Foods iliyoingia madukani Marekani mwaka 1969 na kuondolewa mwaka 1996. Kwa kuwa riziki yangu ni teknolojia ya chakula, safari hii nilimwambia, "Shangazi, nitakutengenezea."

Wengi hudhani pakiti ilikuwa na unga wa aina tatu. Hapana, ni uji mmoja. Ukipiga jeli ya maji pamoja na mafuta, unaingiza hewa. Ukishamimina, mbio zinaanza: mapovu na mafuta, kwa wepesi wake, yanapanda, maji yenye jelatini, ile inayoigandisha jeli, yanajichuja kwenda chini. Huku nyuma baridi inaigandisha jelatini, na ikishaganda kila kitu kinakwama palepale kilipofika. Chini jeli angavu, katikati kitu laini chenye ukungu, juu povu.

Kiwandani walitia emulsifaya, yaani vile viungo vinavyopatanisha mafuta na maji. Nyumbani kazi hiyo naipa krimu ya mimea ya kupambia keki, kwa sababu huwa tayari inazo. Krimu ya maziwa ukiizidishia blenda inaelekea kuwa siagi.

Jaribio la kwanza niliharibu mwenyewe. Jelatini niliyokuwa nayo haikuandikwa imetoka kwa mnyama gani, na mezani kwetu hilo si swali dogo, basi nikatumia agari, ile ya mwani. Agari huganda ikiwa bado na joto la nyuzi 35 hadi 40. Ilipokutana na barafu tu, ikakatika vipandevipande. Nikapata mchanga wa waridi. Nikatafuta jeli yenye jelatini ya ng'ombe na alama ya halali.

Ya pili niliacha barafu yote iyeyukie ndani. Uji ukawa baridi mno, ukaganda kabla haujajigawa. Mtamu, lakini rangi moja juu hadi chini.

Kilichofanikiwa ni hiki. Pakiti ya jeli ya stroberi ya gramu 80 hivi, maji yanayochemka mililita 180, kwenye blenda mpaka usione chembe hata moja. (Funika kwa taulo na ushike mfuniko. Mvuke una nguvu, na mimi ukuta wangu bado una madoa.) Ongeza barafu na maji baridi, jumla mililita 300, piga kidogo, kisha uopoe barafu isiyoyeyuka. Gusa: iwe baridi kama maji ya mtungi, isizidi hapo. Tia nusu kikombe cha krimu iliyokwisha kuumuliwa, piga kama nusu dakika, mimina mara moja kwenye glasi nyembamba ndefu, weka frijini na usiiguse tena. Nanasi au papai lisilopikwa usithubutu kutia, vimeng'enya vyake vinaikata jelatini na jeli haigandi kabisa.

Dakika chache baadaye nilichungulia. Karibu na kitako cha glasi palikuwa na mstari mwekundu mwembamba kama uzi. Kila nikirudi, uzi umenenepa. Baada ya saa nne matabaka yalikuwa matatu, ingawa povu la juu lilikuwa jembamba kuliko nilivyotaka.

Shangazi aliinua glasi akaitazama dirishani, kimya. Kisha akachota povu lote kwa kijiko, akala, akanirudishia glasi. "Mwanangu, hilo la chini nilikuwa nampa mwenzangu wa chumbani."