Deni la SGR: Riba Ilipanda, Kontena Linakwama Naivasha

Ukiagiza bidhaa ya kuuza Kenya yenye thamani ya forodha ya shilingi milioni 1, unakatwa shilingi 20,000 za Tozo ya Maendeleo ya Reli. Unakatwa hata kama kontena lako limetoka Mombasa kwa lori. Tozo hiyo ya 2% ndiyo inayosaidia kulipa deni la SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Naivasha.

Mwaka 2014 Benki ya Exim ya China iliikopesha Kenya mafungu mawili, kila moja takriban dola bilioni 1.6. Fungu la kwanza ni nafuu: riba 2% isiyobadilika, miaka 20. La pili ni la kibiashara, na hapo ndipo penye maumivu. Riba yake ilifungwa kwenye LIBOR ya miezi 6, yaani kiwango cha riba cha soko la London kilichokuwa kikipanda na kushuka, kisha ikaongezwa 3.6%. Mwaka 2021 LIBOR ilikuwa karibu 0.2%, hivyo jumla 3.8%. Katikati ya 2023 ilishapita 5%, na riba yote ikagusa 9%. Kwa kila dola milioni 100 za deni lililobaki, hiyo ni nyongeza ya dola milioni 5 hivi kwa mwaka, na hakuna behewa hata moja lililoongezeka.

Mwaka 2025 Kenya iligeuza deni hilo kutoka dola kuwa yuan, sarafu ya China. Riba imeshuka, sawa, ila Kenya huiuzia China kidogo mno ikilinganishwa na inachonunua. Yuan za kulipia zitatoka wapi?

Sasa biashara yenyewe. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435, ile ya zamani 1,000. Behewa la moja haliwezi kupita kwenye nyingine. SGR ilifika Naivasha 2019 ikaishia hapo. Kontena la Kampala hushushwa kwa kreni, likapakiwa upya kwenye reli ya zamani au lori. Kila linaponyanyuliwa ni ada na foleni, na likichelewa kurudi tupu, kampuni ya meli inatoza faini. Ndiyo maana mawakala wengi bado wanapakia lori palepale bandarini: mzigo unanyanyuliwa mara moja, unashushwa kwa mwenyewe.

Oktoba 2024 Uganda ilisaini na Yapi Merkezi ya Uturuki kujenga SGR kutoka Malaba, mpakani na Kenya, hadi Kampala. Mkataba wa kipande cha Naivasha hadi Malaba ukiletwa, usome kwanza ukurasa wa riba, kisha sarafu ya malipo.