Eti mwaka wa uchaguzi wezi wanaongezeka?

Kila uchaguzi ukikaribia hapa Uganda, kwenye steji za boda maneno ni yaleyale: fungeni milango mapema, majambazi wameachiwa mpaka kura ziishe. Watu wanaamini kabisa. Lakini ripoti ya uhalifu ya polisi, ile ya kila mwaka, haisemi hivyo. 2019 zilikuwa kesi 215,224. 2020, kampeni zimepamba moto, zikashuka mpaka 195,931, na 2021 yenyewe tuliyopiga kura tarehe 14 Januari zikawa 196,081, yaani palepale. Halafu 2022, hakuna kura, hakuna lori la muziki, hakuna mabango, zikaruka mpaka 231,653.

Sasa usikimbilie kusema kumbe uchaguzi unaleta usalama, hiyo nayo ni dhana potofu na naiona mbaya kuliko ya kwanza. Miaka hiyo miwili ilikuwa ya korona, kafyu ilianza mwisho wa Machi 2020 ikaja kuondolewa Januari 2022, mwizi wa usiku atamvizia nani barabarani wakati kila mtu yuko ndani na yeye akitoka tu anakutana na LDU, askari mgambo wa jeshi, na fimbo yake. Halafu namba za polisi zinahesabu yale yaliyofika kituoni. Novemba 2020 Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, alipokamatwa Luuka, Kampala na miji mingine iliwaka siku mbili, wakafa watu wasiopungua 54, hiyo 54 hata Rais mwenyewe aliitaja. Kisha zikaja zile HiAce za vioo vyeusi za watu wa usalama, watu wakaziita droni, kijana anabebwa mchana kweupe, nyumbani hawajui yuko wapi, mama yake akaripoti wapi na kwa nani? Kwa hiyo mimi naona uchaguzi haubadilishi sana wezi, unabadilisha polisi: wanakaa wapi, wanamwangalia nani, na mafuta ya gari yanaishia kwenye mkutano gani badala ya doria.

Ingine: "tukipata mbunge mkali wizi utaisha." Wagombea wanaipenda sana hii. Jamani, polisi wetu ni wa taifa, IGP, mkuu wa polisi nchini, anateuliwa na Rais na bunge linamwidhinisha, DPC, mkuu wa polisi wa wilaya yako, hapokei amri kwa mbunge wala kwa mwenyekiti wa LC5, yaani wa wilaya. Kamati ya usalama ya wilaya anaiongoza RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, na RDC hakuna aliyempigia kura, ni mtu wa kuteuliwa. Mbunge atapitisha bajeti, atauliza maswali, atachangia matanga, basi. Mwenye kazi ya kweli kwenye usalama wa mtaa ni LC1, mwenyekiti wa kijiji au mtaa, huyo anayejua nani kahamia juzi na nani anarudi saa tisa usiku kila siku. Na huyo ndo tulikaa naye toka 2001 mpaka 2018 bila uchaguzi, miaka 17, wengine walishahama, wengine walishakufa, na hakuna aliyeandamana.

Kuna wanaodhani pia sera za usalama zinatoka kwenye manifesto. Angalia vizuri. 2017 wanawake zaidi ya 20 waliuawa huku Entebbe na Nansana, Machi mwaka huohuo Kaweesi, msemaji wa polisi, akauawa kwa risasi, Juni 2018 mbunge Abiriga naye. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo miaka uliokuwa wa uchaguzi mkuu. IGP Kayihura akaondolewa Machi 2018, na baada ya Abiriga Rais akaenda bungeni na mipango yake: kamera barabarani, alama za kila bunduki, LDU warudi. Damu ndo iliandika hiyo sera, sio kura. Uchaguzi wenyewe huwa unaleta watu wa muda. Kabla ya uchaguzi wa 2016 walikuwa kraim priventa, vijana wa kujitolea wa kusaidia polisi, lengo 30 kila kijiji, mpaka mashirika ya haki za binadamu yakaomba wasimamishwe. Kwa 2021 wakaja makonstebo maalum, polisi walitangaza 50,000. Kura zikiisha, hao vijana na mafunzo yao wanaenda wapi?

Na hii ya kwamba uhalifu uko maeneo ya upinzani. Karamoja, kaskazini mashariki, inaipigia NRM, chama tawala, kura kwa wingi, lakini wizi wa ng'ombe na bunduki ulirudi toka 2019, ikabidi jeshi lianzishe operesheni ya Usalama kwa Wote Julai 2021, kampeni zimeisha zamani. Kule shida ni ukame, bunduki za kuvuka mpaka na ng'ombe wenye soko. Wiki hizohizo Masaka na Lwengo, NUP, chama cha Bobi Wine, ilikovuna kura, wazee zaidi ya 20 walikatwa kwa mapanga usiku majumbani mwao. Wabunge wawili wa NUP wakakamatwa Septemba 2021 wakituhumiwa kwa mauaji hayo, dhamana wakaipata Februari 2023, na muda huo wote watu walibishana kuhusu vyama, wale wazee wakatajwa kidogo sana.