Mnawalaumu watoto, iangalieni na kazi yenyewe

Juzi nimeyasikia tena, safari hii kwa msomi: wanawake wa Unguja na Pemba hawana kipato kwa sababu wanazaa mno. Kazi yangu ni takwimu za ajira na kauli hii imenichosha.

Nendeni Paje au Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, siku za bamvua, maji yakishakupwa. Kinamama wamo majini hadi magotini, wanafunga mwani kwa tai-tai, vile vijikamba vyembamba, kwenye kamba zilizovutwa baina ya vigingi. Wengi wana watoto chungu nzima. Maji yakijaa wanarudi kupika. Sasa mpelekeni mama huyohuyo kwenye zamu ya hoteli inayoanza alfajiri, na gari ya wafanyakazi haimngoji mtu. Hapo mtoto mchanga anamzuia kweli. Uzazi ni uleule, kilichobadilika ni kazi.

Halafu mnalinganisha mwenye watoto wawili na mwenye saba, mnatoa hukumu. Kipi kilitangulia? Aliyekosa ajira huenda amezaa zaidi kwa kuwa hakuwa na cha kumchelewesha, na miaka aliyokaa skuli inavuta yote mawili, uzazi na ajira. Ndiyo maana mwaka 1980 wachumi Rosenzweig na Wolpin walitumia mapacha: mama alitarajia mmoja, akapata wawili bila kupanga, kwa hiyo mtoto wa ziada hakutokana na uamuzi wake. Baadaye mchumi Aaronson na wenzake walikusanya takwimu za karne mbili za nchi nyingi. Palipo na kipato kidogo, mtoto wa ziada hapunguzi kazi ya mama kwa kiasi cha kuonekana. Athari inakuja nchi inapotajirika, kazi inapohamia mbali na nyumbani.

Mapacha nao siwaamini moja kwa moja. Kulea wawili kwa pamoja si sawa na kulea wanaopishana miaka miwili, na mama anayejifungua mapacha salama mara nyingi ana afya kuliko wenziwe.

Linalonikera zaidi ni hiyo athari ndogo kuchukuliwa kama habari njema. Mama yuko pwani, kichanga kashikwa na nani? Bibi yake, akiwepo na ana nguvu. Asipokuwepo, ni dada yake wa miaka kumi. Sisi tunamuuliza mama saa alizofanya kazi, tunaandika kwamba watoto hawakumpunguzia kitu. Siku alizokosa skuli yule binti haziingii kwenye hesabu ya mama, na gharama ya mtoto wa ziada imelipwa naye.