"Wa kiume huchelewa kuongea": dhana potofu kuhusu dalili za mwanzo za usonji

Wiki hii nimeisikia mara nne: "Daktari, wa kiume huchelewa kuongea. Hata baba yake alianza na miaka mitatu." Mara ya nne aliyeisema ni bibi aliyeniletea mjukuu wa miaka minne na nusu. Mama wa mtoto alianza kuwa na wasiwasi mapema, mtoto akiwa na mwaka na nusu. Ukoo mzima ukamwambia asubiri.

Kweli, kwa wastani wavulana huongea nyuma kidogo ya wasichana. Lakini kidogo hapo ni mwezi mmoja au michache, si miaka. Na wavulana haohao ndio wanaogundulika zaidi na usonji (autism), yaani hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na jinsi mtoto anavyohusiana na watu, watatu au wanne kwa kila msichana mmoja. Sasa hao ndio wa kusubiriwa?

Isitoshe, mimi sianzi na maneno. Naanza na kidole. Mtoto wa miezi 18 akiona paka ukutani hunyoosha kidole, kisha hugeuka kukutazama usoni ajue kama nawe umemwona. Hataki umpe paka, anataka mumtazame pamoja. Mama akinijibu, "Kuonyesha haonyeshi, ila akitaka maji ananishika mkono ananivuta mpaka kwenye ndoo," huwa nauliza swali moja zaidi: akikuvuta, anakutazama? Mara nyingi jibu ni kimya. Hilo peke yake si usonji, lakini mtoto huyo simrudishi nyumbani "akue kwanza".

Dodoso la M-CHAT-R, ambalo mzazi hulijibu ili kuchuja dalili za usonji, lina maswali 20, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, na swali la kwanza kabisa linahusu kidole. Kila jibu la kutia shaka ni alama moja. Alama 3 hadi 7, tunarudia kwa maswali ya ufuatiliaji. Kuanzia 8, moja kwa moja kwenye tathmini. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kila mtoto apimwe usonji akiwa na miezi 18 na 24, awe na dalili asiwe nazo. Hapa Tanzania, miezi 18 mtoto analetwa kliniki kwa dozi ya pili ya surua-rubela. Ameshafika, kadi iko mkononi, na anapimwa uzito tu anaondoka! Mama, ukiona hakuna anayekuuliza, anza wewe kusema.

Na kwa kuwa nimetaja chanjo: hapana, haileti usonji. Makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyoanzisha hofu hiyo ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Dalili huanza kuonekana umri uleule wa chanjo, basi.

Mengine ninayoyasikia: "Ana udata, tumkate ulimi." Ulimi ulioshikwa unaweza kuharibu matamshi. Haumzuii mtoto kugeuka akiitwa. Kabla ya kuwaza wembe, mpeleke akapimwe masikio, hata kama hukimbilia wimbo wa katuni, maana anaweza kusikia muziki na bado akakosa sauti nyingine za maneno.

"Ananitazama machoni, kwa hiyo hana." Wapo wengi wenye usonji wanaotazama, wanaocheka na kukumbatia.

"Alikuwa anasema 'mama' na 'toa', ameacha, atarudia mwenyewe." Hili ndilo la kukimbilia. Mtoto akipoteza maneno aliyokuwa nayo, umri wowote, mlete wiki hiyohiyo.

"Ukimpima utampachika ugonjwa." Dodoso halitoi hukumu. Katika utafiti wa Marekani wa 2014, waliobaki na alama za juu baada ya maswali ya ufuatiliaji wakafanyiwa tathmini, karibu nusu walikuwa na usonji, lakini takriban 95 kati ya 100 walikuwa na ucheleweshaji au shida fulani ya ukuaji. Kwa hiyo hata asiye na usonji hakupotezewa muda.

Leo jioni zima televisheni. Mtoto akiwa anacheza, kaa nyuma yake, umwite jina kwa sauti ya kawaida. Usipige makofi, usitaje biskuti. Rudia baada ya muda, mara tatu hivi. Kama ameshatimiza mwaka na hajageuka hata mara moja, njoo na kadi ya kliniki. Na bibi mje naye.