Alumini haioti kutu: dhana potofu kuhusu modeli za ndege za kivita

Anayejenga modeli kwa kuiga modeli ya mwenzake hurithi na makosa yake. Ndivyo dhana nyingi za ufundi huu zilivyoenea, na hapa Dar es Salaam zimeongezeka nyingine zinazotokana na joto, unyevu wa bahari na vifaa vinavyonunuliwa kwenye maduka ya rangi za magari. Mfano tutakaoushika zaidi ni Spitfire Mk IX (Mk ni toleo, IX ni la tisa), ndege ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambayo mabawa yake yana mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Kwa skeli ya 1/72, yaani modeli iliyo ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, hizo ni sentimita 15.6, na kwa 1/48 ni sentimita 23.4. Kabla ya kupaka au kuchora chochote, zidisha kipimo chake mara 72 au 48 ujiulize kama ndege halisi ingekuwa nacho.

"Gundi ni gundi, mradi ishike"

Plastiki ya modeli ni polistirini, na gundi yake halisi huiyeyusha. Pande mbili zikishalainika hukutana zikawa kitu kimoja, kama chuma kilichochomelewa. Kutanisha nusu mbili za kiwiliwili, gusisha brashi yenye gundi nyepesi kwenye ufa, nayo itajivuta yenyewe mpaka ndani. Subiri sekunde kama 10, kisha bana taratibu hadi utepe mwembamba wa plastiki laini utokeze juu ya mshono. Usiufute kwa kidole. Funga kwa selotepu ya karatasi au vibanio vya nguo, acha saa 24, ndipo uuparue kwa makali ya kisu na kumalizia kwa msasa wa maji namba 600, kisha 1000.

Wanaopiga msasa jioni ileile hushangaa wiki moja baadaye, rangi ikiwa imeshakauka, wanapoona mstari umezama mgongoni mwa ndege. Kimumunyisho kilikuwa bado ndani ya plastiki. Kilipotoka, mshono ukanywea.

Supaglu nayo ina kazi yake, hasa kwa vipande vya chuma na vya resini, na kwa kujaza mashimo madogo. Ukiitumia kujaza, ipige msasa ndani ya saa moja, kwa kuwa ikikaa usiku kucha inakuwa ngumu kuliko plastiki iliyoizunguka, na msasa utakula plastiki ukaiacha gundi imesimama kama kilima. Usiifikishe karibu na kioo cha rubani. Mvuke wake hutua juu ya plastiki angavu ukaacha ukungu mweupe, na unyevu wa hewa huuzidisha. Polisi hutumia mvuke huohuo kuibua alama za vidole. Kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya seremala, inayokauka bila rangi. Kikichubuka, kisugue kwa msasa namba 2000 wenye maji, kisha kwa dawa ya meno nyeupe ambayo si jeli.

"Mistari ya mabati ikiwa mingi na mirefu kwenda chini, ndivyo ndege inavyokuwa halisi"

Mistari hii ni mifereji inayoonyesha bati moja la ngozi ya ndege linapokutana na jingine. Mfereji wa milimita 0.3 kwenye modeli ya 1/72 ni ufa wa zaidi ya sentimita 2 kwenye ndege ya kweli. Hakuna rubani ambaye angekubali kupanda ndege yenye nyufa za kupitisha kidole. Basi ukichora upya mistari iliyofutika kwa msasa, pitisha ncha mara mbili tatu kwa uzito wa mkono tu, bila kukandamiza. Wino mwembamba wa kijivu unatosha kuionyesha. Mweusi mtupu unaigeuza ndege kuwa ramani ya mitaa.

Mustang P-51D, ndege ya Marekani ya vita hivyohivyo, inatufundisha zaidi. Sehemu ya mbele ya bawa lake ilijazwa puti kiwandani, ikasuguliwa, kisha ikapigwa rangi ya fedha ili hewa ipite bila kikwazo. Kwa hiyo mistari na ribiti ambazo kiwanda cha modeli kimezichonga pale, kwenye ndege halisi zilifunikwa, na mjenzi makini huzijaza. Hapohapo inaanguka dhana nyingine, kwamba Mustang ya rangi ya fedha ni bati tupu mwili mzima. Kiwiliwili ndicho kilichokuwa bati tupu. Mabawa yalikuwa na rangi ya fedha iliyofifia kidogo. Ukipaka yote mng'ao mmoja, umekosea ndege yote.

"Ndege ya vita lazima ibanduke rangi, ioneshe fedha na kutu"

Hapa ndipo modeli nyingi nzuri zinapoharibiwa katika nusu saa ya mwisho.

Tuanze na kutu. Sisi wa pwani tunaijua: bati la nyumba Kigamboni au Mbagala linapigwa na upepo wa chumvi, linageuka kahawia. Jicho likishazoea hilo, mkono unataka kuipaka kahawia ndege nayo. Lakini ngozi ya Spitfire ni aloi ya alumini, na alumini haioti kutu nyekundu. Ikiliwa na chumvi hutoa unga mweupe. Kahawia ya kutu ina mahali pake kwenye ekzosi, ambazo ni za chuma na hupata joto kali. Spitfire Mk IX ina ekzosi sita kila upande. Zipake rangi ya chuma iliyoungua, kahawia kidogo juu yake, basi. Moshi unaoanzia hapo kwenda nyuma usiwe mweusi wote, kwa kuwa petroli ya ndege wakati ule ilitiwa risasi, na mabaki yake yaliacha doa la kijivu hafifu. Anza na kahawia nyeusi iliyochujuka, kisha weka kijivu chepesi katikati.

Sasa kubanduka. Swali la kwanza ni hili: chini ya rangi kuna nini? Usukani wa mkia wa Spitfire ulifunikwa kitambaa. Hurricane, ndege nyingine ya Uingereza, ilikuwa na kitambaa nyuma yote ya kiwiliwili, kimetandazwa juu ya mbao. Mosquito, nayo ya Uingereza, karibu yote ilikuwa mbao, plaiwudi kwa nje na mti mwepesi wa balsa katikati. Rangi ikibanduka kwenye kitambaa au mbao, fedha itatoka wapi? Hata hivyo modeli za Hurricane zenye madoa ya fedha mkiani ni nyingi mno, na kila moja inaigwa na inayofuata.

Hata penye alumini, madoa yana sababu. Mlango mdogo wa rubani wa Spitfire uko upande wa kushoto. Buti za rubani na za mafundi zilikanyaga shina la bawa la kushoto kila siku, na hapo ndipo rangi iliposuguliwa. Madoa yakilingana kushoto na kulia, anayejua atajua kwamba umepaka kwa mazoea. Chukua kipande cha sponji kidogo kama punje ya mahindi, kichovye rangi ya fedha, kikaushe kwenye karatasi mpaka kiache vitone visivyoonekana vizuri, ndipo uguse bawa. Kitone cha milimita 1 katika 1/72 ni bamba la sentimita 7 lililobanduka.

Kuna ndege zilizobanduka kwelikweli. Nyingi za jeshi la nchi kavu la Japani zilipigwa rangi juu ya bati bila praima, nazo zikabambuka kama ngozi iliyoungua jua. Ukipenda kazi hiyo, jenga hizo.

"Sky ni samawati"

Kosa hili linatokana na jina. Maelekezo ndani ya boksi yanasema Sky, msomaji anatafsiri anga, anachukua kopo la buluu. Rangi yenyewe ni kijani hafifu sana, kama ganda la yai la bata. Kwenye Spitfire Mk IX ya kawaida iko kwenye kofia ya propela na kwenye mkanda unaozunguka kiwiliwili karibu na mkia. Mkanda huo ulikuwa na upana wa inchi 18, yaani milimita 6.35 katika 1/72 na milimita 9.5 katika 1/48. Juu, ndege ni kijani iliyokolea na kijivu cha bahari. Chini ni kijivu cheupe zaidi. Mpangilio huo ulianza Agosti 1941. Ndege za 1940 zilikuwa kijani na rangi ya udongo kwa juu, kwa hiyo Mk IX yenye rangi ya udongo haiwezi kuwa ya Uingereza ya 1940, maana haikuwepo.

"Rangi ya gari na thina yake ni nzuri zaidi, inakauka haraka"

Thina ya rangi za magari hula polistirini. Dakika chache zinatosha: uso unapasuka vijinyufa kama tope la Jangwani lililokauka, na ribiti zinayeyuka. Kila rangi au thina usiyoijua ijaribu kwanza kwenye fremu ambayo vipande vimekatwa, uiache usiku mzima. Rangi ya mafuta ya milango haiharibu plastiki haraka hivyo, ila ni nzito. Tabaka la milimita 0.1 ni sawa na plasta ya milimita 7 juu ya ndege halisi.

Osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kabla ya kuanza, kwa sababu kiwandani hupakwa mafuta ya kutolea kwenye kalibu, na rangi haishiki juu yake. Rangi ya akriliki ichanganye mpaka iteleze ukutani mwa kikombe kama maziwa. Pulizia kwa presha ya psi 15 hadi 20, umbali wa sentimita 5 hadi 10, tabaka nyembamba tatu au nne. Katika joto la Dar akriliki hukaukia kwenye ncha ya sindano, ikaanza kutema vitone. Weka matone machache ya dawa ya kuchelewesha kukauka, na futa ncha kwa pamba ya masikio kila baada ya dakika chache.

Unyevu ndio adui mkubwa. Laka, yaani rangi au vanishi ya thina kali, inapokauka hupoza uso wa modeli, maji ya hewani yanatua pale, na rangi au vanishi inabaki na weupe kama vumbi la chaki. Wakati wa masika usipulizie laka asubuhi mapema wala mvua ikiwa inanyesha. Subiri alasiri ya siku kavu. Weka pia chujio la maji kwenye mpira wa kompresa, kwa kuwa hewa iliyobanwa hutoa maji, na tone moja likifika kwenye bawa la kijivu limeacha duara lisilofutika. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Inayofaa ni yenye vichujio vya makaa, dirisha likiwa wazi.

Kuanika juani hakusaidii. Ganda la juu hukauka likafungia mvuke ndani, na modeli iliyoachwa nyuma ya kioo cha gari mchana inaweza kupinda bawa. Bawa lililopinda linyooshe kwa maji ya moto ambayo hayajafika kuchemka, ulishike mpaka lipoe. Kumbuka mabawa ya Spitfire hupanda nyuzi 6, kwa hiyo katika 1/72 kila ncha iwe juu ya shina kwa milimita 7 hadi 8, na pande zote mbili zilingane.

"Stika ikiwa na weupe pembeni ni mbovu"

Stika ni zile alama za ndege zinazolowekwa majini kisha kubandikwa juu ya rangi. Mara nyingi stika ni nzima, kosa ni uso uliobandikiwa. Rangi isiyong'aa ina vinundu vidogo vinavyofungia hewa chini ya stika, na hewa hiyo ndiyo inayong'aa kama fedha. Piga vanishi ya kung'aa kwanza, iache ikauke siku moja. Loweka stika sekunde 20 hadi 30, iweke kando mpaka iteleze yenyewe, kisha ipake dawa ya kulainisha ilale ndani ya mistari. Siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji husaidia kwa stika nyembamba. Mwishoni ndipo vanishi isiyong'aa.

Stika zilizogeuka njano zibandike dirishani ndani ya mfuko wa plastiki, zielekee jua kwa siku kadhaa, na njano itapungua. Ambazo hujazitumia zifunge na vifuko vya kunyonya unyevu, la sivyo zitagandana.

"Kila ndege inahitaji uzito puani"

Spitfire hukalia gurudumu la mkia, haihitaji. Zenye gurudumu la pua, kama P-38 na P-39 za Marekani, ndizo huanguka makalio. Chubwi za wavuvi zinafaa kabisa, ila ni risasi, kwa hiyo nawa mikono.

"Spitfire bila waya wa antena haijakamilika"

Za mwanzo zilikuwa na waya kutoka kwenye mlingoti mfupi nyuma ya rubani hadi juu ya usukani wa mkia. Redio mpya za VHF, yaani za mawimbi mafupi kuliko ya zile za awali, zilipokuja, mlingoti wenyewe ukawa antena na waya ukaondolewa. Mk IX hubaki na mlingoti mtupu. Ukijenga Mk I (toleo la kwanza) ya mapema, tengeneza waya kwa plastiki: pasha kipande cha fremu juu ya mshumaa ukikizungusha mpaka kilegee, kiondoe motoni, subiri sekunde moja, ndipo uvute mikono kwa mwendo mmoja. Ukivuta kikiwa bado motoni kitakatika. Ukichelewa kitatoka kinene kama njiti ya kiberiti.